Mama anaishi kijijini na mjukuu mmoja: nitajuaje kama bado yuko salama?

Swali: Mama yetu ana miaka 76 na anaishi katika kijiji kimoja wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, pamoja na mjukuu wa miaka 12 anayesoma darasa la sita. Baba alikwisha kufariki. Mwaka jana daktari alituambia kwamba mama ana ugonjwa wa kusahau. Nilipokwenda Pasaka nilikuta sufuria mbili zimeungua chini, na jirani akanieleza kwamba mwezi uliotangulia mama alipotea jioni akitoka kisimani, akaonekana ng'ambo ya korongo usiku. Lakini siku nne nilizokaa naye alikuwa mzima, anacheka, anawatambua watu wote. Kaka yetu mkubwa anataka kumhamishia kwake Dar es Salaam, na kwa sasa amenunua kufuli ili mtoto awe anamfungia kwa nje usiku. Shangazi anasema huo ni uzee tu. Mama mwenyewe anasema haondoki. Mimi naishi Morogoro na nitapata likizo ya wiki moja mwezi Julai. Nitajuaje kama yuko salama au la?

Jibu:

Dada yangu, ndugu wengi wanaoniuliza juu ya wazazi wao huwa wamekwisha kuamua, na wanachotaka kwangu ni muhuri tu: mama ahame, au mama abaki. Wewe umeuliza jambo linalotangulia uamuzi, yaani namna ya kujua, na kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, kama muuguzi ambaye sehemu kubwa ya kazi yake imekuwa kuwatembelea wazee wenye ugonjwa wa kusahau, ambao hospitalini tunauita demensia, katika nyumba zao wenyewe hapa Dodoma na vijiji vyake. Usalama wa mzee wa namna hii haupimwi kwa mazungumzo. Hupimwa kwa kuitazama mikono yake ikifanya kazi, mchana na usiku, katika nyumba ile ile anayoishi, na jibu utakalolipata halitakuwa neno moja la ndiyo au hapana, bali litakuwa saa fulani za siku na shughuli fulani. Mama yako anaweza kuwa salama kabisa saa nne asubuhi akipepeta mtama uani, na siku hiyo hiyo, saa tatu usiku, akawa hatarini.

Hili sikulijifunza darasani. Miaka mingi iliyopita nilikwenda kumtembelea mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliyekuwa akiishi peke yake pembezoni mwa mji. Alinipokea vizuri, akanivutia kiti kivulini, akaitikia "mbukwenyi" yangu, salamu ya Kigogo, kwa furaha, akanitajia vituo vya treni kutoka Dodoma kuelekea Tabora kimoja baada ya kingine, akanichekesha. Nikaandika kwamba anajimudu. Wiki mbili baadaye binti yake alinirudisha pale kwa hasira za haki, na safari hiyo sikumwuliza mzee chochote ila nilimwomba anitengenezee chai. Aliwasha jiko la mkaa kwa ustadi. Kisha akachukua kikombe kikavu, akatia majani ya chai, akatia sukari vijiko viwili, akakifunika kwa kisosi, akanisogezea na kuketi akisubiri ninywe, huku jiko likiwaka tupu nyuma yake, karibu kabisa na pazia. Vituo vya treni vyote vilikuwa bado kichwani mwake. Utaratibu wa kuchemsha maji ndio uliokuwa umetoweka.

Maamkizi, ukarimu, utani na hadithi za zamani ni mambo yaliyozama ndani ya mtu kwa miaka sitini au sabini, na ugonjwa huu huyafikia mwishoni. Kinachoondoka mapema ni kupanga hatua za kazi, kukumbuka kilichofanyika dakika kumi zilizopita, na kutambua kwamba jambo limeanza kuharibika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mgonjwa wa kusahau, mgeni anapofika kinachopona ni sura ya mambo tu. Kwa siku zile nne za Pasaka nyumba ilikuwa na watu, na nadhani wewe mwenyewe ulipuliza moto na kuteka maji bila hata kufikiri. Ulimwona mama akikaribisha wageni, hukumwona akiishi. Sufuria zilizoungua ndizo zilizokueleza habari za siku ambazo hukuwapo.

Kabla Julai haijafika, liko jambo unaloweza kulifanya kwa simu. Mwulize jirani kama hali ya mama imebadilika polepole kwa miezi au ghafla kwa siku. Ugonjwa wa kusahau hutambaa. Mzee aliyekuwa akijimudu Jumatatu, na kufikia Alhamisi anaweweseka, analala mchana kutwa au anaona watu wasiokuwapo, ana jambo jingine lililoongezeka juu ya ugonjwa wake: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, upungufu wa maji mwilini, sukari iliyoshuka, au damu iliyovujia ndani ya fuvu baada ya kuanguka, hata kama alianguka wiki kadhaa zilizopita. Mzee wa hali hiyo hapimwi usalama wa nyumba. Anapelekwa kwenye matibabu siku hiyo hiyo. Dawa nazo zina lao. Diazepamu anayopewa mzee ili alale, piritoni ya mafua, au amitriptilini ya maumivu, kila moja yaweza kumchanganya na kumfanya ayumbe, na nimeona familia ikijiandaa kumhamisha mzazi ilhali kidonge kilichonunuliwa duka la dawa bila kuandikiwa ndicho kilichokuwa kimemvuruga. Macho pia yachunguzwe. Mtoto wa jicho ni wa kawaida katika umri huo, na mkoa wetu, hasa upande wa Kongwa, una historia ndefu ya trakoma, ambayo hugeuza kope zikaikwaruza mboni. Mama asiyeona vizuri atakosea mlango wa choo hata kama kumbukumbu yake ni nzima.

Huenda ukajiuliza kwa nini vipimo vya hospitali havitoshi. Vipo vizuri, na kimojawapo kilitokana na utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, ambako wazee wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikutwa na ugonjwa huu. Kiliandaliwa kwa kuzingatia wazee ambao hawakwenda shule, hivyo badala ya kumtaka mzee achore au aandike, humtaka apange njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Lakini kipimo hicho hujibu kama dalili za ugonjwa zipo. Hakijui choo chenu kiko hatua ngapi kutoka mlangoni.

Ukifika, jambo gumu kuliko yote litakuwa kukaa bila kusaidia. Mwambie mama umechoka na safari, keti uani, mwache aendeshe siku yake, na uingilie kati pale tu ambapo angeumia. Lala katika nyumba hiyo hiyo, usilale kwa shangazi. Uwe na daftari dogo, uandike saa na ulichokiona kwa macho, si maoni yako. Usiandike "mama alichanganyikiwa"; andika "saa kumi na moja jioni aliweka maharage motoni, akaenda bandani kwa mbuzi, hakurudi mpaka nilipomwita baada ya dakika arobaini". Kaka yako na shangazi yako watabishana na maoni yako mpaka asubuhi, lakini ni vigumu kubishana na dakika arobaini.

Anza na moto, kwa sababu makosa mengine hutoa nafasi ya pili na moto mara nyingi hautoi. Tazama anavyouwasha: je, anamimina mafuta ya taa juu ya kaa ambalo bado lina moto ndani yake? Tazama ncha za kanga anapoinama juu ya mafiga, na kama anazikusanya mwenyewe au anaziacha zining'inie. Tazama chakula kinapoanza kuungua kama anasikia harufu, kwa sababu wagonjwa wengi wa demensia hupungukiwa na uwezo wa kunusa mapema kuliko ndugu wanavyodhani, na mtu asiyesikia harufu ya kuungua hana king'ora. Halafu tazama anachofanya uji unapofurika: akiupunguzia moto au kuuepua, hilo ni jema; akisimama na kutazama tu, andika. Sufuria moja iliyoungua inaweza kuwa usahaulifu wa mtu yeyote mwenye kazi nyingi, na hata mimi nimeunguza zangu. Mbili ndani ya muda mfupi, kwa mtu aliyepika tangu utotoni, ni habari nyingine.

Julai ni mwezi mzuri kwa uchunguzi huu, ingawa hukuuchagua kwa sababu hiyo. Usiku wa Dodoma mwezi huo ni wa baridi kali, na ndipo wazee huingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto, wakafunga mlango na dirisha. Mkaa uliokwisha kuacha kutoa moshi na kubaki mwekundu ndio watu huuamini, kumbe ndio unaojaza chumba hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wenye akili timamu wakiwa usingizini. Ukimwona mama akilivuta jiko kuelekea chumbani, umepata jibu la swali kubwa katika usiku mmoja. Dawa yake ni blanketi la pili na la tatu, na jiko kulala nje likiwa limezimwa kwa maji na mtu mwingine. Kibatari nacho kiondoke, taa ndogo ya sola ichukue nafasi yake. Mtungi wa gesi, ambao najua kaka yako ataupendekeza, mimi siupendekezi: mama hawezi tena kuzoea kifaa kipya kwa uhakika, na gesi iliyofunguliwa bila kuwashwa ni hatari kuliko mafiga anayoyajua. Mkiamua kuficha kiberiti, mwambieni na jirani, la sivyo mama atakwenda na kigae kuomba kaa la moto, na jirani mwema atampa.

Usiku, amka anapoamka. Hesabu hatua kutoka kitandani hadi chooni, na utazame anapita wapi: kizingiti, kamba ya mbuzi, jiwe, shimo lililochimbwa na kuku. Angalia kama anashika ukuta, kama anaweza kuinuka kwenye kigoda bila kujisukuma kwa mikono, kama anaikumbuka tochi iliyo mkononi mwake au anaibeba ikiwa imezimwa. Mzee akivunjika nyonga kijijini, maisha yake ya kujitegemea mara nyingi huishia hapo. Ndoo yenye mfuniko chumbani, taa ndogo inayowaka usiku kucha, na njia iliyofagiliwa huzuia mengi. Angalia pia jua linapozama, kwa sababu ndiyo saa ambayo wengi wao huanza kuhangaika, kukusanya vitu na kusema wanataka kwenda nyumbani ingawa wako nyumbani.

Hapo ndipo ninapotaka tulitazame upya lile tukio la korongo. Wewe umeliita kupotea, na mimi sina hakika. Watu wa umri wa mama yako walikuwa vijana wakati wa Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, familia zilipotolewa katika makazi yao yaliyotawanyika na kukusanywa katika vijiji vya ujamaa. Ugonjwa huu hula kumbukumbu za jana kwanza, kisha hurudi nyuma polepole, hivyo mzee anaweza kufikia mahali ambapo nyumba anayoijua zaidi si hii ya bati aliyokaa miaka yote, bali ni ile ya tembe ya wazazi wake, ambayo leo ni mahame, yaani makazi yaliyokwisha kuachwa. Nimewahi kumfuata kwa nyuma, bila kumsemesha, bibi mmoja aliyesemekana anatangatanga ovyo. Hakutangatanga. Alikwenda moja kwa moja, bila kusita kwenye njia panda hata moja, mpaka kwenye mbuyu uliokuwa peke yake porini, akauzunguka, akasimama akiita majina ya watu waliokwisha kufa.

Kwa hiyo tumia ujuzi wa shangazi yako badala ya kugombana naye. Mwulize yeye, au mzee mwingine anayekumbuka, mahame ya kina mama yako yako wapi, kisima cha zamani kilikuwa wapi, njia ya kwenda huko ilipita wapi. Ikiwa ng'ambo ya korongo ndiko kuliko na mahame hayo, basi atakwenda tena, na mmekwisha kujua pa kumtafuta. Nenda naye kisimani asubuhi moja na jioni moja, ukitembea nyuma yake, na uone njia panda inayomsumbua ni ipi. Kumbuka kwamba korongo la Julai ni mchanga mkavu, lakini mvua zikianza, Desemba hivi, maji hushuka kwa kasi kutoka mbali wakati kijijini kwenu hakujanyesha hata tone. Mpango wa kumtafuta upangwe kabla hajapotea: picha yake ya hivi karibuni iwe kwenye simu ya balozi wa nyumba kumi na ya mwenyekiti wa kitongoji, vijana wa kijiwe cha bodaboda wamjue, msikiti na kanisa wajue nani wa kuwapigia ili watangaze, na namba ya simu ya jirani ishonwe ndani ya pindo la gauni lake. Akikosekana, watu watoke saa hiyo hiyo. Usiku wa baridi hausubiri kesho.

Majirani waambiwe ukweli juu ya ugonjwa kwa sababu nyingine pia, ambayo wataalamu wengi huona haya kuiandika. Mwanamke mzee anayekutwa usiku wa manane nyuma ya nyumba ya mtu, asiyeweza kueleza amefikaje pale, katika nchi yetu anaweza kuitwa mchawi. Sote tunajua wanawake wazee wenye macho mekundu, yaliyotiwa wekundu na moshi wa kuni tu, walivyouawa kwa tuhuma hizo, hasa katika mikoa ya kanda ya ziwa, na Dodoma haina kinga. Sikiliza maneno yanayosemwa kisimani. Kama minong'ono hiyo imeanza, mambo yote mengine yanangoja, na mwenyekiti wa kijiji, viongozi wa dini na afisa ustawi wa jamii wahusishwe wakati wewe mwenyewe uko pale.

Upande wa chakula na dawa, hesabu itakusaidia kuliko maelezo. Kama alipewa vidonge 60 tarehe 1, ameze viwili kwa siku, tarehe 16 asubuhi vinatakiwa viwe vimebaki 30. Ukikuta 47, hamezi. Ukikuta 11, anameza mara mbili kwa kusahau kwamba amekwisha kumeza, na hilo la pili ndilo linalonitia hofu zaidi, hasa kama miongoni mwa dawa zake mna glibenklamaidi ya kisukari, ambayo huweza kuishusha sukari mpaka mzee akazimia. Dawa zikae kwa mtu mzima anayempa mkononi na kumwona akimeza. Unga nao uwekee alama kwenye ndoo, uone unapungua kiasi gani kwa siku ambazo mtoto yuko shuleni mchana. Paketi tano za chumvi kwenye kapu na hakuna mafuta ya kupikia, gauni lililokuwa likimbana sasa linapwaya, mlenda wa juzi umechacha chunguni: vitu hivi ni ushahidi kuliko neno lake kwamba "nimekula, mwanangu, nimeshiba". Mpeleke akapimwe uzito zahanati, na urudie baada ya mwezi. Maji pia, kwa kuwa wazee huishiwa na kiu, na katika ukame wetu mzee anaweza kukaukiwa huku mtungi umejaa pembeni yake.

Sumu zitachukua saa moja tu ya kazi. Dawa ya kuogeshea mifugo, dawa ya panya, kiuatilifu kilichohifadhiwa ndani ya chupa ya soda, mafuta ya taa ndani ya chupa ya maji: vyote vitoke ndani ya nyumba, si kupandishwa darini. Panga na shoka vikae bandani. Kuhusu fedha, uliza tu kama kuna mbuzi aliyeuzwa kwa bei ya kutupa, nani anayeijua namba ya siri ya simu yake, na hati ya kimila ya shamba iko mikononi mwa nani, kwa sababu alama ya dole gumba ni rahisi kuipata kwa mtu ambaye atasahau kwamba aliitia.

Sasa mtoto. Umemtaja kwa sentensi moja, na mimi namwona katikati ya swali zima. Yeye ndiye anayeishi na mama wakati wewe hupo, kwa hiyo ndiye shahidi wako mkubwa kuliko daktari na jirani. Tembea naye mpaka shambani, peke yenu, umwulize kwa upole: bibi huamka mara ngapi usiku? Amewahi kukufukuza au kukupiga akidhani wewe ni mwizi? Siku ngapi mwezi huu hukwenda shule? Kuna jambo ambalo bibi amekukataza kutuambia? Nimeona watoto wakijifunza kuzima moto, kuficha kiberiti na kulala mlangoni ili bibi asitoke, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuwauliza. Siku za shule, kuanzia asubuhi na mapema mpaka alasiri, mama yuko peke yake. Mwakani mtoto ataingia darasa la saba, na zipo shule zinazowalaza wanafunzi kambini kabla ya mtihani. Mpango wowote unaosimama juu ya mabega yake utaanguka mwakani hata kama leo unasimama.

Ukimaliza wiki, chukua ukurasa mmoja, uchore siku nzima kuanzia alfajiri hadi alfajiri, na kwenye kila saa uandike mama huwa anafanya nini na nani yuko karibu kiasi cha kusikia sauti yake. Kisha kwa kila jambo la hatari ulilolishuhudia, jiulize kama linaweza kutokea tena, likitokea litaumiza kiasi gani, na nani atafika, baada ya dakika ngapi. Kuvaa gauni kinyume kila siku ni jambo la hakika na halina madhara, liache. Kuingiza jiko chumbani mara moja tu kwa msimu ni jambo la nadra na linaua, kwa hiyo halivumiliki. Wanafamilia wengi hupoteza nguvu zao kwenye la kwanza kwa sababu ndilo linaloaibisha mbele za watu.

Kwa yale uliyoyaandika tu, bila kungoja daftari, nakuambia maoni yangu: mama yako asilale tena na mtoto peke yake. Sufuria mbili na usiku wa korongo zinatosha kusema hivyo. Awepo mtu mzima kuanzia jua linapoelekea kuzama mpaka asubuhi, na mtu wa kumpikia au kupika pamoja naye mchana. Mchana uliobaki huenda akaendelea kujimudu kwa muda, na hilo ndilo daftari litakuonyesha. Pale utakapoona kwamba hakuna anachokula kisipowekwa mkononi mwake, au kwamba hatambui moto kuwa ni hatari, au kwamba hawezi kupiga kelele za kuomba msaada akianguka, basi hata saa moja ya kuwa peke yake ni nyingi.

Je, mtu huyo mzima awe Dar es Salaam au Chamwino? Kaka yako ana nia njema, na siku yaweza kufika ambapo hakuna njia nyingine. Hata hivyo nyumba aliyoizoea mama ni sehemu ya kumbukumbu yake. Mkono wake unajua komeo liko wapi hata akili inapokuwa haijui. Ukimtoa hapo ukampeleka kwenye nyumba yenye ngazi, geti, vigae vinavyoteleza na barabara yenye magari usiku kucha, unaweza kumkuta amepoteza katika mwezi mmoja uwezo ambao angekaa nao mwaka mzima. Mimi ningeanza na mwanamke wa ukoo, mtu mzima anayeelewana naye, ahamie pale na alipwe mshahara wa kweli kila mwezi na watoto wote kwa pamoja, si kuahidiwa shukrani. Na mama anaposema haondoki, mwulize anaogopa kuacha nini. Wengine hujibu kaburi la mume, wengine mbuzi. Jibu lake litakuambia kama kuna jambo la kujadiliana. Mpimeni upya kila baada ya miezi mitatu, na kila anapougua, kwa kuwa ugonjwa huu hausimami. Zahanati ikimpa rufaa kwenda Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, mpelekeni. Najua jina hilo hutumika mitaani kama tusi, lakini ndani yake wamo watu wanaoujua ugonjwa huu.

Limebaki kufuli. Mlango uliofungwa kwa nje, jiko la mkaa likiwa ndani, na ufunguo ukiwa mfukoni mwa mtoto wa miaka 12 mwenye usingizi mzito, ni hatari kubwa kuliko korongo lenyewe, na mtu anayeamka gizani akakuta amefungiwa hupiga mlango mpaka akaumia au akatoka kwa dirishani. Wekeni kengele ya mbuzi juu ya mlango, ili anayelala ndani asikie ukifunguliwa, na komeo analoweza kulifungua mtu yeyote. Kufuli lenyewe, kwa kuwa limekwisha kununuliwa, lifungie banda ambamo utakuwa umehamishia panga, shoka na dawa ya kuogeshea mifugo, na ufunguo wake akae nao jirani.